Mapango ya Tewa, Watamu: Tathmini ya Safari ya Nusu Siku kutoka Malindi

Katika safari zote za baharini zinazouzwa kwa wageni wa Malindi, na siku hizi kwa sisi wenyewe wenye pwani, hakuna iliyo na sifa kubwa na maelezo machache kama safari ya mapango ya tewa, samaki wakubwa wa ukoo wa chewa. Mapango hayo yako kwenye mlango wa hori ya Mida, kusini mwa Watamu, mahali ambapo maji ya hori hukutana na bahari kuu, na yote yamo chini ya maji. Hayaingiwi kwa miguu, hayana ngazi wala taa, wala hakuna pa kusimama ukapigwa picha umeegemea jabali. Mtu huyaona kwa kuelea juu yake akiwa amevaa miwani ya maji, au kwa kuvuta pumzi na kupiga mbizi hadi penye vinywa vyake. Muuzaji wa safari mara nyingi halisemi hilo, ndiyo maana wako wanaorudi mjini wakinung'unika kwamba walilipia pango wakaonyeshwa bahari.

Maoni yangu nayatanguliza ili msomaji asihangaike kuyatafuta: safari hii inastahili pesa na nusu siku ya mtu, iwapo itafanywa kwa saa ya maji inayofaa na nahodha aliye radhi kumkosa mteja kuliko kumpeleka wakati mbaya. Sharti hilo likivunjwa, uzuri wa mashua, wingi wa matunda yanayokatwa safarini na ucheshi wa mabaharia havifidii kitu. Karibu kila kasoro nitakayoitaja ina mzizi wake hapo.

Kufika hakuna kazi. Kutoka Malindi hadi Watamu ni takriban kilomita 25 kwa barabara, na anayekosa matatu ya moja kwa moja hushukia njia panda ya Gede akamalizia kwa tuktuk au bodaboda. Aliye na gari lake na aendelee hadi mwisho wa barabara ya upande wa kusini, ziliko ofisi za hifadhi ya bahari, kwa sababu kutoka huko mlango wa Mida uko karibu na muda mwingi hautumiki njiani. Mashua zinazoondoka kwenye ghuba za katikati ya mji nazo ni nzuri, ila hukawia zaidi, na bahari ikichafuka kidogo wenye kichefuchefu hufika wakiwa wamekwisha kuchoka.

Ufuoni mambo ni yale yale ya mji wowote wa kitalii. Vijana hukukaribia kabla hujafunga mlango wa gari, na familia ya watu weusi yenye watoto na kikapu cha mahamri hutazamwa kwanza nyuma ya mabega, kuona mzungu wao yuko wapi. Ilipobainika kwamba hayupo, mmoja aliniuliza kwa adabu kamili, "Shikamoo mama, mgeni wenu anakuja na gari jingine?" Wifi yangu aliangua kicheko, lakini swali lile lina maana yake: sehemu kubwa ya huduma za hapa bado imepangwa kwa dhana kwamba mwenyeji ni mtu wa kusindikiza wengine. Tulipoeleweka kuwa wateja ni sisi, bei ilishuka, jambo la kupongezwa, ingawa pamoja na bei ilishuka pia bidii ya kueleza.

Kijana wa kwanza alitaka kutupeleka papo hapo, saa nne asubuhi, tena siku ya bamvua, maji yakiwa yamekauka hadi ngalawa zimelala ubavu mchangani. Alisema mapango yako pale pale, hayahami, na hilo lilikuwa kweli isiyotusaidia. Tulimshukuru tukamwendea nahodha mwingine, mtu mzima, ambaye aliitazama bahari, akawatazama watoto, akasema, "Mwanangu, mkitaka kwenda sasa hivi nitawapeleka ndani ya Mida mkaone ndege na mikoko. Kama ni tewa, swalini adhuhuri kwanza, mle, kisha mje maji yakikaribia kujaa." Kwa maneno hayo alijipatia pesa zetu, ingawa hakuwa wa bei ya chini kuliko wote.

Maelezo ya jambo hili ni marefu kidogo, lakini ndiyo kiini cha tathmini yenyewe. Mida ni mkono mpana wa bahari ulioingia nchi kavu, wenye eneo la takriban kilomita 32 za mraba, na maji yake huingia na kutoka kupitia mlango mwembamba mmoja. Kwa siku bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa ya kujaa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Wakati wa bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, tofauti kati ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani yetu yaweza kukaribia mita 4. Basi na ifikiriwe ni maji kiasi gani yanayolazimika kupita mlangoni pale katika muda wa saa sita hivi. Yanapotoka huenda kwa nguvu ya kumkokota hata mwogeleaji hodari kuelekea nje, nayo hubeba tope laini na rangi ya majani ya mikoko yaliyooza, hata aliye juu ya pango asione chochote chini yake. Yanapoingia huleta maji safi ya bahari kuu. Kwa hiyo wakati wa kuona ni mwishoni mwa kujaa, maji safi yakiwa yameshafika na mkondo umelegea, na hasa ule muda mfupi ambapo maji husimama kabla ya kugeuka. Nje ya hapo mtu hulipia kupigana na mkondo.

Wavuvi wetu hawahitaji jedwali kwa hili, kwa kuwa hesabu yote imo katika mwezi mwandamo. Siku za bamvua, karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za mwezi wa Kiislamu, bahari ya huku hujaa mnamo saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, na hupwa mnamo saa nne. Wiki moja baadaye mambo hugeuka: karibu na tarehe 8 hadi 10, na tena tarehe 22 hadi 24, huwa ni maji mafu, na bahari hujaa mnamo saa nne asubuhi, kwa utulivu, bila mkondo mkali. Hizo ndizo siku za mapango. Jua huwa linapanda, mwanga huingia moja kwa moja majini, na muda wa maji kusimama huwa mrefu kuliko ule wa bamvua. Siku yetu haikuwa miongoni mwa siku hizo, kwa maana ilichaguliwa na ratiba ya shule na wala si mwezi; tulipata muda mfupi wa alasiri, na nahodha alituonya mapema kwamba atakapopiga mluzi ni lazima kila mtu arejee mashuani bila mjadala. Ukipiga simu kutaka safari na unayezungumza naye akakwambia saa yoyote ni sawa, tafuta mwingine.

Kuhusu majira, kaskazi ndiyo yenye bahari ya kuonekana ndani yake, hasa kuanzia Novemba hadi Machi. Kusi ikishika kasi, kuanzia Aprili, upepo na mvua huichafua bahari na safari nyingi husitishwa. Hapa kuna jambo ambalo watu wa Malindi wanalijua kwa macho tu: wakati wa kaskazi tope la mto Sabaki, unaomwaga maji kaskazini mwa mji wetu, husukumwa kuja kusini, likaifikia hifadhi ya bahari ya Malindi na kuyapaka maji rangi ya chai. Watamu iko mbali zaidi na mdomo wa mto huo. Kwa hiyo, katika miezi ile ile ambayo bahari ni tulivu, anayetaka maji meupe ana sababu nzuri ya kuuacha ufuo wa nyumbani akapanda matatu.

Malipo yanahitaji uangalifu kwa sababu huwa na sehemu mbili zinazochanganywa makusudi. Kiingilio cha hifadhi ni cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori la Kenya, KWS, nacho hulipwa kwa mtandao wa eCitizen, ambapo raia hulipa kiwango chake na mgeni chake. Raia asisahau kitambulisho. Gharama ya mashua, vifaa na kiongozi ni jambo la pili, na hiyo hupatanwa. Anayekutajia bei moja iliyojumuisha kila kitu hakukosea, ila omba uone risiti ya kiingilio kabla ya nanga kung'olewa. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1968, pamoja na ile ya Malindi, zikiwa miongoni mwa hifadhi za kwanza za bahari barani Afrika, na pesa ile ndiyo inayozitunza. Nahodha wetu alitaka tulipe wenyewe kwa simu zetu, mbele yake, kisha akatutajia bei yake peke yake. Utaratibu huo uliniridhisha.

Mashua ilikuwa boti ya fiba yenye injini moja, turubai la kivuli na viti vya mbao pembeni. Ilikuwa safi, haikunuka mafuta, na ngazi ya kupandia kutoka majini ilikuwa imara, jambo ambalo mtu halithamini mpaka awe amelowa, amechoka na nguo zimekuwa nzito. Jaketi za kujiokolea zilitosha watu wazima. Za watoto zilikuwa chache, na moja ilikosa kamba ya kupitisha katikati ya miguu, ile inayozuia jaketi kupanda hadi masikioni mtoto anapoingia majini. Tuliikataa, na mtoto huyo akabaki juu na bibi yake. Sikufurahia hilo. Mtu anayetangaza safari za familia anapaswa kuwa na vifaa vya familia.

Miwani ya maji ilikuwa mchanganyiko wa mipya na iliyokakamaa kwa jua. Namna ya kuichagua ni rahisi: ibandike usoni bila kupitisha ukanda kichwani, vuta pumzi kwa pua, kisha uiachie; ikishikilia yenyewe ni nzima, ikidondoka mwachie mwenyewe. Wanaume wenye masharubu mazito wajue kwamba maji yatapenya tu, hata miwani iwe ghali vipi. Mimi na wifi tulivaa nguo za kuogelea za kufunika mwili mzima, nasi hatukutazamwa wala kuulizwa swali. Wakati wa kubadilisha nguo mabaharia walishusha upande wa turubai, wakahamia omo na kutupa mgongo bila kuambiwa. Kwa wanawake wengi wa mji wetu hilo ndilo litakaloamua kama wataenda au watabaki ufuoni kushika viatu vya wengine. Kwa mashua na watu wake natoa nne kati ya tano, na ile moja iliyopungua ni ya jaketi za watoto.

Tulipofika, nahodha hakutupa nanga juu ya mwamba. Alitafuta mahali pa mchanga, akazima injini, akaiacha mashua ijinyooshe kwa kamba yake, na kwa jinsi ilivyojinyoosha akasoma mkondo uliosalia. Kijana wake aliingia kwanza na boya lililofungwa kamba ndefu, akaogelea hadi juu ya mapango, kisha akaturuhusu tumfuate tukiwa tumeishika kamba ile. Ni mpango mzuri, kwani hata asiye na mazoea hubaki na kitu mkononi, na anayepeperushwa huvutwa.

Jambo la kwanza kumfikia mtu chini pale ni sauti. Bahari ya mwamba haina ukimya: kuna mchachariko usiokoma wa kamba wadogo wanaofyatua magando yao, mfano wa mafuta ya moto yanapotiwa vitunguu, na ndani ya mchachariko huo husikika pono wakiguguna jiwe kwa meno. Halafu macho huzoea. Ukingo wa mwamba unakatika ghafla, na chini ya ukingo ndiko kuliko giza, vinywa vipana vya mapango vilivyoinama kama paa la makuti lililoshuka chini mno, sakafu yake ikiwa mchanga mweupe uliosafishwa na mkondo. Kina chake ni cha mita chache tu. Mwenye pumzi ya kawaida ya mpiga mbizi wa kijijini hufika mlangoni, akachungulia, akapanda. Vitatange wenye milia hupita mbele ya giza lile wakiwaka, na mkunga hutoa kichwa katika ufa akifungua na kufunga kinywa, jambo ambalo watu hulidhania kuwa hasira ilhali ndivyo anavyopumua.

Tewa wetu alikuwa amelala kwenye mchanga, nusu ndani ya kivuli. Mwanzoni nilimdhania kuwa sehemu ya jiwe, kwa kuwa rangi yake ya kijivu chenye mabaka ilikuwa ile ile ya sakafu ya pango, na kilichomtoa fichoni ni samaki mdogo wa buluu, mwembamba kama kidole, aliyekuwa akiingia chini ya shavu lake na kutoka upande wa pili, akimsafisha wadudu na mabaki. Yule mkubwa alikuwa ameinua kifuniko cha shavu na kukiacha wazi kwa subira kubwa. Kinywa chake kilichopinda chini kilimpa sura ya mzee aliyeamshwa kabla ya wakati. Hakusogea. Jicho moja tu lilizunguka taratibu, likamfuata kijana wetu alipozama, likatufuata sisi, kisha likarejea mahali pake. Urefu wake sitautaja, maana maji hukuza kila kitu kwa theluthi moja hivi na kila mwenye miwani hurudi na kipimo chake. Itoshe kusema kwamba mwanangu wa darasa la sita angeweza kulala kando yake bila kumzidi.

Tewa ni ukoo wa chewa, na aina iliyo kubwa kuliko zote katika ukoo huo yaweza kufikia mita 2.7 na kilo 400. Hamrukii mtu. Huwinda kwa kungoja, na kamba au samaki akipita karibu hukipanua kinywa kwa ghafla na maji yakaingia pamoja na mlo wake. Hukua polepole na huchukua miaka mingi kabla ya kuzaa, na katika aina nyingi za chewa samaki huanza maisha akiwa jike na baadaye hubadilika kuwa dume, kwa hiyo mvuvi anayewatoa wakubwa peke yao huwatoa madume na kuliacha pango na majike yasiyo na wenzi. Hiyo ndiyo sababu sehemu moja ikivuliwa vibaya haijirudi kwa msimu mmoja wala miwili, na ndiyo sababu hakuna nahodha mwaminifu anayeweza kukuahidi idadi. Wako wanaokuta kadhaa, wako wanaokuta pango tupu na mkunga. Anayekwambia utawaona kwa hakika anauza kitu ambacho hakimiliki.

Jiwe lenyewe linastahili kutazamwa hata samaki wakikosekana. Pwani hii yote ni mwamba wa matumbawe ya kale, yaliyoishi takriban miaka 125,000 iliyopita wakati bahari ilikuwa juu kuliko ilivyo leo. Baadaye, barafu ilipofunika sehemu kubwa ya dunia, bahari ilishuka hadi takriban mita 120 chini ya kiwango cha sasa, na mwamba ukabaki nchi kavu kwa maelfu ya miaka. Maji ya mvua yanayopita hewani na kwenye udongo huwa na asidi hafifu, nayo huyeyusha jiwe la chokaa kidogo kidogo, yakifuata nyufa na kuzipanua kuwa mashimo. Bahari iliporudi juu iliyafunika matundu yaliyokwisha kuanzwa, na mawimbi na mkondo vikaendelea kuyachimba. Ni jiwe lile lile lililochongwa kujengea Gede, mji wa magofu ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2024, na anayepitia Gede asubuhi kisha akaingia majini alasiri atalitambua kwa vitundu vyake.

Kuhusu kuingia ndani ya mapango, msimamo wangu ni kwamba mgeni asiye na mtungi wa hewa na mkufunzi wake asivuke kivuli cha mlango. Paa ni kali, mkondo hubadilika, na fuma wa miiba mirefu hukaa katika pembe ambazo mkono huzishika bila kufikiri. Kijana wetu alikataa kumwongoza yeyote ndani hata alipoahidiwa bakshishi, na alikataa kwa upole. Mashua nyingine iliyofika baada yetu ilikuwa na mwongozaji aliyemwaga mikate majini ili samaki wajae mbele ya kamera za wageni wake. Watoto wangu walitamani kufanya vivyo hivyo na nikawakatalia. Samaki wa mwamba ana kazi yake, ya kula mwani unaoyasonga matumbawe na wadudu wanaoyashambulia, na akizoeshwa mkate huiacha kazi hiyo, tena huwa mkali kwa kila mkono unaoingia majini. Kwa huduma inayojitangaza kuwa ya hifadhi, mkate ni kasoro kubwa kuliko miwani inayovuja.

Katika mashua yetu tulikuwa na mke na mume Waitaliano wanaoishi Malindi, na njiani kurudi bibi huyo aliyalinganisha mapango haya na lile pango mashuhuri la kisiwa cha Capri, Grotta Azzurra, ambalo wachoraji wa Kijerumani walilifanya lijulikane kuanzia mwaka 1826. Huko, alieleza, mgeni hulala chali ndani ya kimashua cha makasia ili kupita kwenye mlango wenye urefu wa takriban mita moja, na ndani hukuta maji yanayong'aa buluu kwa sababu mwanga wa jua huingia kupitia uwazi ulio chini ya maji. Foleni ni ndefu na muda wa kukaa ndani ni dakika chache. Alionelea kwamba Capri inashinda kwa uzuri wa mara moja na Mida inashinda kwa uhai. Mimi sijafika Capri, lakini nakubali nusu ya pili, na naongeza kwamba pote pawili bahari ikikataa hakuna anayeingia, na tofauti ni kwamba kule mlango hufungwa rasmi, ilhali kwetu uamuzi umeachwa kwa dhamiri ya nahodha. Ingefaa saa za maji zibandikwe kwenye ubao pale ufuoni, kila siku, mahali ambapo mnunuzi atazisoma kabla ya kutoa pesa.

Safari nyingi huongezewa kituo cha bustani ya matumbawe, ndani ya mwamba wa nje. Ni kituo kizuri kwa watoto, kwa kuwa maji ni mafupi na matulivu. Asitarajie mtu rangi za kwenye vipeperushi; joto la bahari la mwaka 1998 liliua kiasi kikubwa cha matumbawe ya Kenya, na palipopona pamepona kwa viraka. Hapa tulikaa kidogo tu.

Chakula hakikuwa sehemu ya bei, na nashauri kisiwe. Baada ya kuswali alasiri tulikwenda Dabaso, kwenye mkahawa wa wanajamii uliojengwa juu ya mikoko ya Mida, ambako sambusa za kaa zina sifa zinazostahili: unga mwembamba, kaa mwingi, ndimu pembeni, na upepo wa hori bila malipo. Huduma ilikuwa ya polepole, kwa hiyo mwenye matatu ya kuwahi aagize mapema.

Kwa asiyeogelea kabisa, au mzee ambaye ngazi ya mashua itamshinda, mapango haya si mahali pake, na mashua yenye sakafu ya kioo haitamwonyesha kilicho chini ya ukingo. Mama mkwe wangu, aliyebaki kivulini na mjukuu wake, alisema wazi kwamba aliona maji na visogo vyetu. Wa namna hiyo wapelekwe kwenye daraja la mbao la Mida, linalopita juu ya mikoko hadi kwenye kibanda cha kutazamia ndege na linaloendeshwa na watu wa huko, tena wapelekwe maji yakiwa yamekupwa, saa ile ile ambayo mapango hayafai, kwa sababu ndipo ndege hushuka matopeni kwa wingi kutafuta chakula.